Maswali ya Wasomaji: Kasha la Matao Yenye Ncha

Barua nne za mwezi huu, zote kutoka Nyanda za Juu Kusini, zinahusu makasha ya mbao yaliyochongwa kwa mtindo wa Gothiki, yaani ule wa matao yenye ncha wa makanisa ya Ulaya ya zama za kati. Nimezijibu pamoja, nikianza na ile iliyobeba maswali mengi zaidi.

SWALI

Shikamoo mzee wa ukurasa huu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tukuyu. Babu yetu mzaa baba, ambaye ujana wake alikuwa seremala wa misheni upande wa Rungwe, aliacha kasha kubwa la mbao nyeusi, na ukoo umenikabidhi mimi. Urefu wake ni sentimita 120, upana 50 na kimo 60. Uso wa mbele umechongwa matao matano yenye ncha, na ndani ya kila tao kuna vijitao vidogo na ua la majani manne, mithili ya madirisha ya kanisa. Baba wadogo wanasema lilitoka Ujerumani na lina umri wa miaka mia sita. Hivi karibuni alikuja mfanyabiashara wa vitu vya kale, akasema ni kasha la zama za kati. Alipoona sina haraka ya kuuza, akasema pengine ni la juzi tu. Nimsadiki lipi, na mimi mwenyewe nitajuaje? Na nikiamua kuliuza, je, sheria inasemaje?

*Mwalimu, Tukuyu*

JIBU

Marahaba, mwalimu. Mtu anayebadilisha umri wa kasha kwa kutazama uso wa mwenye mali anapima bei, hapimi mbao, kwa hiyo maneno yake yote mawili tuyaweke kando. Kwa maelezo uliyonipa, naelekea kuamini kwamba kasha lako si la zama za kati, bali lilichongwa wakati fulani kati ya miaka ya 1840 na miaka ya 1930, ama Ulaya ama papo hapo Rungwe. Nitakueleza sababu zangu, kisha nitakuonyesha mahali pa kutazama, ili kasha lenyewe lithibitishe au lipinge maneno yangu.

Mtindo wa Gothiki ulizaliwa katika ujenzi wa makanisa kaskazini mwa Ufaransa. Sehemu ya mashariki ya kanisa la abasia (makao ya watawa) ya Saint-Denis, karibu na Paris, iliyowekwa wakfu mwaka 1144, huhesabiwa kuwa mwanzo wake. Maseremala wa Ulaya waliiga kwa mbao kile walichokiona kwa mawe: tao lenye ncha, vijitao ndani ya tao, maua ya majani matatu au manne ndani ya duara. Katika karne ya 15 ukaongezeka mchoro mwingine uliopendwa sana katika nchi za Flanders na jirani zake, ambao ubao huchongwa uonekane kama kitambaa kilichokunjwa kwa mikunjo ya wima. Kasha wakati huo ndilo lililokuwa samani kuu ya nyumba, kwa kuwa kabati na droo bado vilikuwa vichache: nguo, hati, fedha na hata nafaka vilikaa humo, na juu ya kifuniko watu waliketi, wakalia chakula, wengine wakalala. Kaskazini mwa Ulaya yalitengenezwa zaidi kwa mwaloni, mti mgumu na mzito. Mwanzoni mwa karne ya 16 mtindo huo ulianza kuachwa, na kwa miaka mia tatu hivi wachongaji walio wengi hawakuushughulikia.

Halafu ukafufuka, na hapa ndipo kasha lako linapoingia. Bunge la Uingereza liliungua mwaka 1834, likajengwa upya kwa sura ya Gothiki, na mapambo yake ya ndani yakabuniwa na msanifu Augustus Pugin. Mwaka 1845 Mwingereza mwingine, Thomas Jordan, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine ya kuchonga mbao, ambayo ilitumika katika kazi za jengo hilohilo. Ujerumani nako kanisa kuu la Köln, lililoanzwa mwaka 1248 na kuachwa nusu kwa karne nyingi, lilikamilishwa mwaka 1880. Na tangu mwaka 1861 viongozi wa makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani, katika mkutano wao wa Eisenach, walikuwa wamependekeza makanisa mapya yajengwe kwa mitindo ya zamani, Gothiki ikipewa nafasi ya pekee. Sasa linganisha tarehe. Wamoravian walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na mwaka huohuo wamisionari wa Berlin nao wakaingia nchi ya Wanyakyusa. Walikuwa watu waliolelewa katika kizazi kilichoona tao lenye ncha kuwa ndiyo sura halali ya kila kitu cha kanisa, kuanzia dirisha hadi kiti cha mchungaji. Kama walihitaji kasha la kuwekea vitambaa vya meza ya Bwana na vitabu vya ubatizo, wangelitaka la namna hiyo, na kama hawakulileta, walimwelekeza fundi namna ya kulichonga.

Liko pia suala la mzigo, ambalo wenye kusimulia habari za makasha ya kale hulisahau. Kasha la vipimo vyako, likiwa la mwaloni wenye unene wa sentimita mbili na nusu, lina uzito wa kilo 55 hivi kabla ya kuongeza bawaba na kitasa. Wamisionari wa mwaka 1891 walikuja kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, kisha Ziwa Nyasa, na kutoka ziwani kupanda Rungwe mizigo ilikwenda kichwani mwa wapagazi, ambao kila mmoja alipangiwa kilo 30 hivi. Kasha lako lingehitaji watu wawili na mti wa kulitundika, likiwa tupu. Jambo hilo linawezekana, na vitu vizito kuliko hilo vilipandishwa. Lakini katika nchi yenye miti mizuri na fundi hodari kama babu yako, mtu mwenye busara angeleta patasi na kuacha kasha. Kuanzia miaka ya 1920 mambo yalibadilika, kwa sababu walowezi waliofuata chai ya Mufindi na dhahabu ya Lupa walianza kupata malori, na mzigo mzito haukuhitaji tena kichwa cha mpagazi.

Tuje kwenye uchunguzi. Uso wa mbele ndio shahidi dhaifu kuliko wote, kwa sababu ndio uliotengenezwa ili utazamwe. Kila mwigaji huweka ujuzi wake hapo. Omba vijana wawili wakusaidie kuligeuza mchana penye mwanga mzuri, ulitazame tumboni, mgongoni na upande wa ndani wa kifuniko, mahali ambapo fundi hakuwa na sababu ya kumdanganya mtu.

Anza na alama za msumeno. Ubao uliopasuliwa na watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini shimoni, huwa na mistari iliyonyooka lakini isiyolingana, mingine ikilala zaidi kuliko mingine kwa kadiri mikono ilivyochoka. Msumeno wa mashine wa mviringo huacha mistari ya upinde, na mistari hiyo ikiwamo, ubao huo haukupasuliwa kabla ya enzi ya viwanda. Angalizo moja: huku kwetu upasuaji wa shimoni umeendelea hadi kizazi hiki, kwa hiyo mistari iliyonyooka haithibitishi ukale, ni upinde tu unaokanusha.

Kisha tazama vyuma. Msumari uliofuliwa na mhunzi una pande nne na unapungua unene kuelekea nchani, na kichwa chake hakilingani na cha mwenzake. Msumari wa mviringo uliokatwa kutoka kwenye waya, kama tunaonunua dukani, ulienea mwishoni mwa karne ya 19. Skrubu ya zamani ina ncha butu na mkato wa kichwani usiokaa katikati barabara. Skrubu yenye ncha kali ya mashine ilianza katika miaka ya 1840. Msumari mmoja wa waya haumaanishi kwamba kasha zima ni jipya, kwa kuwa makasha hukarabatiwa; lakini ikiwa kila kiungo kimeshikwa na misumari ya waya, na hakuna matundu ya misumari mingine ya zamani kando yake, basi umepata jibu.

Pima pia mbao zilivyojikunja. Mbao husinyaa kwa upana wake na karibu haisinyai kabisa kwa urefu wake. Kijiti cha mbao kilichochongwa duara na kupigiliwa kwenye kiungo miaka mia nyingi iliyopita hakiwezi kubaki duara. Utakiona kimekuwa yai kidogo, na mara nyingi kichwa chake kimejitokeza nje ya uso wa ubao. Upitishe mkono juu yake, kwa maana kidole huhisi kile ambacho jicho halioni. Ubao uliolala kwa urefu na kupigiliwa misumari kwenye ubao uliosimama wima, kama ilivyokuwa katika makasha ya mbao sita ya zamani, karibu siku zote hupasuka, kwa sababu mmoja unataka kusinyaa na mwingine unamzuia. Kasha la miaka mia sita lisilo na ufa hata mmoja linanipa mashaka kuliko lenye nyufa nne.

Kuhusu matundu ya wadudu, usiyaone kuwa cheti cha uzee, kwani wapo waigaji wanaoyatoboa kwa keekee. Mdudu akiwa funza hutafuna mifereji iliyojipinda ndani ya ubao, na akishakomaa hutoka kwa tundu dogo la mviringo. Ukiona mifereji yake imelala wazi juu ya uso wa mchongo, maana yake ubao huo ulibunguliwa kwanza ndipo ukarandwa na kuchongwa. Yaani mbao ni nzee na kazi ni changa. Hiyo ndiyo hila ya kawaida zaidi katika biashara hii, na iliwapata hata wanunuzi wakubwa wa Ulaya katika karne ya 19, pale mbao za makanisa yaliyobomolewa zilipogeuzwa makasha ya zama za kati.

Mwisho, na kwako wewe hili ndilo zito, jua ni mbao gani. Tafuta mahali palipochubuka chini ya kasha, kwenye ncha ya ubao, palowanishe kwa kidole, utazame kwa kioo cha kukuzia. Mwaloni una mistari ya matundu makubwa yaliyopangika kwa pete za mwaka, yaani zile ambazo mti huongeza moja kila mwaka, na katika ubao uliopasuliwa kuelekea kiini utaona riboni ndogo zinazong'aa zikikatisha nyuzi. Mninga una wekundu wa kahawia na matundu yake yametawanyika. Mpodo ni wa manjano hafifu, nyuzi zake zimeshikamana, na hauna matundu ya kuonekana kwa macho. Weusi wa nje usikubabaishe, kwa kuwa moshi wa jikoni wa miaka 80 huipa mbao yoyote ile rangi hiyo. Ikiwa ni mninga au mpodo, mjadala wa Ujerumani umekwisha: kasha limetengenezwa Afrika, na mtu wa kwanza wa kumfikiria ni babu yako mwenyewe. Ikiwa ni mwaloni, lilitoka ng'ambo, au angalau mbao zake zilitoka huko, na katika maabara za Ulaya pete za mwaloni hupimwa na kulinganishwa na kumbukumbu za pete za miaka mingi hadi mwaka wa kukua kwa mti ujulikane, ilimradi pete zipo za kutosha.

Nikwambie wazi kwamba kwangu mimi kasha la Gothiki la mninga lililochongwa Rungwe na fundi Mnyakyusa ni kitu adimu kuliko la mwaloni la kiwandani Ujerumani, la aina iliyotengenezwa kwa wingi. Mfanyabiashara anaweza kuwa na maoni mengine, na baba zako wadogo pia wanaweza kusikitika. Kabla wazee hawajatuacha, andika jina la babu, kituo alichofanyia kazi na miaka yenyewe, kisha uombe kutazama picha za zamani za kanisa lile. Madhabahu au mimbari yenye matao yaliyochongwa kwa mkono uleule ingekuwa ushahidi mkubwa kuliko cheti chochote cha dalali.

Kuhusu sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na marekebisho yake inadhibiti usafirishaji wa vitu vya kale nje ya nchi, kwa hiyo yeyote anayekusudia kuvusha kasha mpaka awasiliane kwanza na Idara ya Mambo ya Kale, na wewe usikubali kuwa muuzaji katika safari ambayo huijui mwisho wake. Usimruhusu mtu kulichukua “kwa uchunguzi” bila maandishi na picha za pande zote sita. Ukipata nafasi ya kufika Iringa, peleka picha hizo kwenye makumbusho yaliyo ndani ya jengo la zamani la Boma, ambako habari za mkoa na za enzi ya Wajerumani zinatunzwa, upate jicho lingine lisilo na haja ya kununua.

SWALI

Ndugu Mhariri, kasha letu la aina hiyo linakaa sebuleni karibu na moto, maana Njombe mwezi wa Julai mnaijua. Kifuniko kimepasuka kwa urefu, na chini yake naona unga mwepesi sakafuni. Fundi anasema alipige msasa lote, azibe ufa kwa puti, alipake vanishi, na kwa ajili ya wadudu alipake oili chafu. Nimpe kazi?

*Mama wa nyumbani, Njombe*

JIBU

Usimpe, mama, angalau si kazi hiyo. Msasa utaondoa katika nusu siku kila alama niliyomweleza mwalimu wa Tukuyu: mikwaruzo ya randa, kingo za patasi, na rangi ambayo mbao imeipata kwa mwanga, moshi na mikono ya watu. Ncha za matao zikishasagwa hazirudi. Oili chafu hunuka kwa miaka, huchafua nguo, huingia ndani ya nyuzi pasipo njia ya kuitoa, na kuiweka karibu na moto ni kuitafuta ajali.

Ufa umesababishwa na huo moto. Hewa ya karibu na meko ni kavu, upande unaoelekea moto husinyaa kuliko mwingine, na kifuniko kilichofungwa kwa vipande vya kukatiza upande wa ndani hakina pa kwenda. Lisogeze hadi ukuta wa pili, mbali na dirisha lenye jua, uache misimu miwili ipite, ya mvua na ya kiangazi. Huenda ufa ukajifunga nusu wenyewe. Ukibaki unakukera, fundi achonge kijiti chembamba cha mbao ya aina ileile, akipachike kwa gundi upande mmoja tu wa ufa ili mbao iendelee kupumua, na atumie gundi ya ngozi, ambayo huyeyuka kwa maji ya moto kama siku moja itatakiwa kuondolewa. Puti ikikauka haifuati mbao inapopanuka na kusinyaa, kwa hiyo hubanduka au husukuma ufa ukaongezeka.

Unga unahitaji uchunguzi kwanza. Tandika karatasi nyeusi chini ya kasha kwa wiki mbili bila kuligusa. Vumbi jipya lenye rangi hafifu likianguka, wadudu wako hai. Lisipoanguka, ule uliouona ni wa zamani uliotikiswa na kufagia. Wakiwa hai, litenge kasha na samani nyingine, na mwite mtaalamu wa kuua wadudu anayejua dawa za boroni au za kupuliza ndani ya matundu kwa sindano, kwa sababu dawa inayopakwa juu ya mbao yenye nta au vanishi haipenyi. Mchwa ni suala jingine kabisa, nao huja kutoka ardhini. Vipande vinne vya tofali chini ya miguu, ukutani pawe na nafasi ya kupitisha mkono, nawe utaiona mifereji yao ya udongo kabla hawajafika.

Usafi wa kawaida ni brashi laini na kitambaa kikavu. Nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini kidogo, ikipakwa kwa uchache mara moja au mbili kwa mwaka na kusuguliwa, inatosha.

SWALI

Mzee, mimi ni seremala wa Mafinga. Mteja wangu ameleta picha ya kasha la Gothiki, anataka nimchongee jipya. Kuchonga naweza, lakini matao yangu yanatoka mengine manene na mengine membamba. Yanachorwaje? Na je, mbao za paini za hapa kwetu zitafaa?

*Fundi, Mafinga*

JIBU

Tao la Gothiki halichorwi kwa mkono, fundi. Linapigwa kwa bikari, na ndiyo sababu wachongaji wa zamani waliweza kulirudia mara mia bila kukosea. Kwa tao la kawaida, piga mstari wa chini na uweke alama za upana, tuseme sentimita 20. Simamisha bikari kwenye alama ya kushoto, ifungue hadi ya kulia, piga upinde kwenda juu. Kisha ihamishie kulia na upige mwingine. Pinde hizo zinapokutana ndipo ilipo ncha, na kimo chake kitakuwa sentimita 17 na milimita tatu hivi. Ukitaka tao jembamba na refu zaidi, sogeza vituo vya bikari nje ya alama zote mbili kwa kiasi kilekile. Ukivisogeza ndani, tao litakuwa pana na fupi. Mteja akileta picha, pima kwanza uwiano wa upana na kimo cha tao moja, nawe utajua vituo viko wapi.

Ua la majani manne linatokana na mraba: kwenye kila upande wa mraba weka bikari katikati, uifungue nusu ya upande huo, upige nusu duara kuelekea nje. Kata vielelezo vya bati au plaiwudi, uvitumie kwa kasha lote. Shusha usuli wa mchongo milimita sita hadi nane, ndipo ukate kingo kwa mteremko. Kivuli cha mteremko huo ndicho kinacholipa tao uhai, na matao mengi ninayoyaona kwenye milango mipya ya makanisa yamekatwa wima tu, yakaonekana yamebandikwa.

Paini ya Sao Hill ni mbao nzuri ya kazi nyingi, ila kwa mchongo mdogo itakusumbua, kwa kuwa ndani ya kila pete kuna sehemu laini na sehemu ngumu, na patasi inapotoka kwenye moja kuingia nyingine huruka au hung'oa nyuzi. Itumie kwa mgongo na sakafu ya kasha. Kwa uso wa mbele chagua mninga au mkangazi uliovunwa kihalali, uliokauka kivulini, na unoe patasi yako mara nyingi kuliko ulivyozoea. Paneli zilizochongwa zikae ndani ya mfereji wa fremu bila gundi wala msumari, zikiwa na nafasi ya milimita tatu kila upande. Fremu yenyewe ndiyo ifungwe, kwa ulimi na tundu na vijiti vya mbao ngumu. Njia hii ilienea Ulaya katika karne ya 15 kwa sababu ya nyufa zilezile ninazozungumza na mama wa Njombe.

SWALI

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa Songea. Kasha la zamani la usharika wetu lina matundu matatu ya funguo upande wa mbele, lakini ufunguo uliopo unafungua moja tu. Vijana wanataka kung'oa vitasa kwa nguvu tuweke komeo la kisasa. Hayo matatu ni ya nini?

*Mzee wa kanisa, Songea*

JIBU

Amina, mzee. Ni desturi ya kale ya kulinda fedha za kanisa. Mwishoni mwa mwaka 1199 Papa Innocent III aliagiza kila kanisa liwe na kasha la kukusanyia sadaka za vita vya msalaba, likiwa na funguo tatu: moja kwa askofu, moja kwa padri wa mahali, na moja kwa mlei mcha Mungu, ili hakuna mmoja wao aweze kulifungua peke yake. Mwaka 1538 huko Uingereza Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi katika daftari, nalo litunzwe ndani ya kasha lenye vitasa viwili. Mtindo ulipofufuliwa katika karne ya 19, wachongaji wengine waliyaweka matundu hayo kwa ajili ya sura tu, bila kitasa nyuma yake.

Fungua kifuniko kwa ufunguo mlio nao, mtazame kwa tochi upande wa ndani wa ubao wa mbele. Ikiwa nyuma ya matundu mawili hakuna sanduku la chuma wala alama za misumari ya kulishikia, hayo ni mapambo na hakuna cha kung'oa. Ikiwa vitasa vipo, vijana waweke nyundo chini. Fundi wa funguo anaweza kuvitoa kutoka ndani kwa kufungua misumari yake, akavisafisha, akaweka unga wa risasi ya penseli badala ya mafuta, ambayo hukamata vumbi, na kuchonga funguo mpya kwa kufuata vyuma vya ndani. Komeo likihitajika mara moja, lifungwe upande wa mgongo au kwenye mnyororo unaozunguka kasha, pasitobolewe tundu jipya usoni.